Thika na Ruiru: Historia ya Miji Miwili na Mambo Yanayostahili Kutazamwa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Murang'a, Nyeri au Meru hufika Thika baada ya mwendo wa kadiri ya kilomita 42. Aghalabu haoni haja ya kushuka. Huona dohani za viwanda, malori ya mizigo na mashamba ya mananasi, kisha huendelea na safari yake. Ukimwuliza habari za mji ule, atakujibu kwamba ni mji wa viwanda tu, wala hauna historia. Mtu atakaye historia na aende Mombasa, Lamu au Kilwa.

Maneno hayo si ya kweli. Miji mingi mikubwa ya dunia ilianza kama Thika ilivyoanza. Katika Ufaransa ya kaskazini, mathalani, uko mji wa Amiens, kando ya Mto Somme. Zamani za Warumi uliitwa Samarobriva, na maana ya jina hilo ni daraja la Somme. Watu walikutana hapo kwa sababu palikuwa na mahali pa kuvukia mto. Wakaja wafanya biashara, wakaja askari, na hatimaye mwaka 1220 wakaanza kujenga kanisa kuu ambalo mpaka leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama. Thika haina kanisa la miaka 800. Lakini asili yake ni ile ile: mito, kivuko na barabara.

Tena kuna jambo moja ambalo yafaa kila msomaji alikumbuke. Karibu kila kitu cha kutazamwa katika Thika na Ruiru kina habari zake mbili. Habari moja imeandikwa vitabuni na wageni waliokuja na kalamu. Habari ya pili ni ya watu waliolima, waliobeba na waliojenga, na hiyo haikuandikwa sana. Mtu aijuaye moja tu hajaijua Thika.

MITO MIWILI

Thika imekaa katika nchi ya wastani, kadiri ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo vilima vya Wakikuyu vinakwisha na mbuga pana ya upande wa mashariki inaanza. Mito miwili hukutana hapo: Mto Chania na Mto Thika. Yote miwili hushuka kutoka milima ya Nyandarua, na kabla ya kukutana kila mmoja huanguka juu ya mwamba na kufanya maporomoko. Maporomoko ya Chania na maporomoko ya Thika ni karibu sana, hata mtu aweza kuyatazama yote kwa muda mfupi bila kuchoka. (Uko mto mwingine uitwao Chania huko Nyeri, msomaji asichanganye mito hiyo miwili.)

Mto Chania ulikuwa mpaka wa zamani kati ya Wakikuyu wa Murang'a, nchi waliyoiita Metumi, na Wakikuyu wa upande wa kusini, nchi waliyoiita Kabete. Upande wa mashariki walikaa Wakamba, na Wamasai walichunga ng'ombe zao katika mbuga. Basi mahali hapa palikuwa mpakani mwa makabila matatu. Walikutana kwa biashara na kwa ndoa, na mara nyingine kwa vita.

Jina lenyewe la Thika huelezwa kwa namna hiyo. Wazee wengi husema kwamba latokana na neno la Kikikuyu guthika, ambalo kwa Kiswahili ni kuzika, kwa kuwa watu wengi waliokufa vitani walizikwa hapo. Wengine husema kwamba jina hilo lina asili ya Kimasai. Vyovyote iwavyo, jina hilo lilikuwapo kabla ya duka la kwanza kujengwa, na lilitolewa na wenyeji wenyewe.

Mji wa Ruiru, ulio kati ya Thika na Nairobi, nao una mto wake wenye jina lilo hilo. Ajabu ni kwamba maji ya miji hii miwili jirani hayaendi njia moja. Maji ya Chania na Thika huingia Mto Tana, yakafika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Maji ya Ruiru huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, yakafika baharini kaskazini ya Malindi. Mvua moja inyeshayo Nyandarua hugawanyika hivyo, na nchi nyingi za mbali hupata uhai kwayo.

BARABARA YA FORT HALL

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka uliofuata Waingereza walijenga boma katika nchi ya Murang'a, na baadaye likaitwa Fort Hall kwa jina la Francis Hall, mtumishi wa Serikali aliyefariki mwaka 1901. Baina ya Nairobi na boma hilo ilihitajika njia, na njia hiyo ilivuka mito hapo Thika. Wasafiri walipiga hema zao karibu na maporomoko, kwa sababu palikuwa na maji mengi na mahali pazuri pa kupumzika kabla ya kupanda vilima.

Miongoni mwa waliopita njia hiyo ni Winston Churchill. Alikuja mwaka 1907, akiwa kijana mwenye cheo katika Wizara ya Makoloni, miaka mingi kabla hajawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Mwaka 1908 alichapisha kitabu kuhusu safari yake ya Afrika.

Mwaka huo huo wa 1908 ilifunguliwa hoteli ya Blue Posts, iliyojengwa katikati ya maporomoko yale mawili. Jina lake latokana na nguzo zilizopakwa rangi ya buluu. Hoteli hiyo ni ya zamani kuliko mji wenyewe, kwa maana Thika haikutangazwa kuwa mji mdogo kwa sheria mpaka mwaka 1924. Katika zama za ukoloni Wazungu walikula na kulala hapo. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi, dobi au mtumishi wa mezani. Siku hizi watu wa kila kabila hufika hapo siku za mapumziko na watoto wao kutazama maji. Atazamaye maji hayo na akumbuke pia wale waliopika na kufua, ambao majina yao hayamo katika kitabu cha wageni.

MASHAMBA NA KIPANDE

Baada ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 Serikali ya kikoloni ilianza kuwagawia Wazungu ardhi nyingi katika nchi ya Ruiru, Juja na Thika. Wenyeji wengi waliokuwa wakilima au kuchunga hapo waliambiwa kwamba ardhi si yao tena. Wengine walihama, na wengine walibaki kama maskwota, yaani walipewa kipande cha ardhi cha kulima kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Wazungu walipanda mkonge na kahawa. Mkonge ulistahimili ukavu wa upande wa mashariki, na kahawa ilistawi katika udongo mwekundu wa upande wa magharibi.

Mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuja wakati huo alikuwa na binti mdogo jina lake Elspeth. Jamaa hiyo ilifika Thika karibu na mwaka 1913, nao walikuja kulima kahawa. Binti huyo, ambaye baadaye aliitwa Elspeth Huxley, aliandika habari za utoto wake katika kitabu The Flame Trees of Thika, kilichotolewa mwaka 1959. Mwaka 1981 kitabu hicho kilifanywa mchezo wa televisheni, na tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani ambao hawajapata kuiona Kenya hulijua jina la Thika.

Lakini siku zile zile alikuwapo Thika kijana mwingine ambaye baadaye alijulikana kuliko huyo. Alikuwa amebatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone Kamau, na dunia ilikuja kumjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Baada ya kutoka katika misheni ya Thogoto alipata kazi Thika chini ya Mwingereza mmoja, fundi mkuu, aitwaye John Cook. Kazi yake mojawapo ilikuwa kwenda benki Nairobi, safari ya kilomita 40 na zaidi, kuchukua fedha za mishahara na kuzirudisha salama. Aliacha kazi hiyo alipougua sana, akaenda kuuguzwa Tumutumu. Kijana aliyeaminiwa kubeba mishahara ya watu wengine ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sheria ya kipande ilianza kutumika. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na maneno ya bwana aliyemwajiri, ndani ya kikopo cha bati kilichofungwa shingoni. Asiye na kipande aliweza kushitakiwa na kufungwa. Mashamba ya Thika na Ruiru yalilimwa na watu wenye vikopo hivyo shingoni. Kwa sababu ya kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, Harry Thuku alianza kukusanya watu katika mwaka 1921. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 watu wengi walipigwa risasi Nairobi.

KABURI LA KILIMAMBOGO

Anayesimama Thika akitazama mashariki ataona mlima uliosimama peke yake. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakikuyu waliuita Kia-Njahe, wakauhesabu kuwa mmojawapo wa milima mitakatifu ya Mungu. Watu wengi leo huuita Kilimambogo kwa sababu ya mbogo wanaokaa katika msitu wake. Urefu wake ni mita 2,145, na tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa. Karibu nao, Mto Athi huanguka katika maporomoko mapana yaitwayo Fourteen Falls, yaani maporomoko kumi na manne.

Juu ya mteremko wa mlima huo kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani. Yeye alikuwa na maelfu ya eka hapo na katika shamba lake la Juja, ambako mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika kiti cha Urais wa Marekani na amekuja kuwinda. McMillan alifariki mwaka 1925. Mjane wake alijenga Nairobi, kwa ukumbusho wa mumewe, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka miaka michache kabla ya Uhuru.

Kaburi hilo latunzwa, na wageni hupanda mlima kwenda kulitazama. Hilo si jambo baya. Lakini yafaa kulilinganisha na kaburi jingine. Si mbali na Ruiru liko gereza la Kamiti. Huko ndiko Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, aliponyongwa tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa katika ardhi ya gereza, bila jiwe wala jina. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi miaka 50 baadaye, tarehe 18 Februari 2007. Makaburi haya mawili yaeleza wazi jinsi kumbukumbu ya nchi inavyoweza kutunza mtu mmoja na kumficha mwingine.

RELI YA THIKA

Njia ya reli kutoka Nairobi kupitia Ruiru ilifika Thika mwaka 1913. Mwanzoni iliitwa trami, ijapokuwa ilikuwa reli halisi. Kusudi lake lilikuwa kuchukua mazao ya mashamba ya Wazungu. Baadaye njia hiyo ilisogezwa mbele kidogo kidogo kupita Sagana na Karatina, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha kufika Nanyuki, chini ya Mlima Kenya.

Pamoja na reli walikuja Wahindi wenye maduka, mafundi wa mawe na mbao, na makarani. Walikuja pia watu wa makabila mengi kutafuta kazi. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyopata kuwa lugha ya soko la Thika. Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mjaluo walihitaji lugha ya kuuliziana bei, na lugha hiyo walikuwa nayo tayari kutoka pwani.

Katika miaka ya baadaye, malori yalipozidi, reli hiyo ilidhoofika sana. Mwaka 2020 njia ya Nanyuki ilitengenezwa tena na treni zikarudi. Stesheni za Ruiru na Thika zimo katika vitu vya kale vya nchi hii, na mwalimu akiwaonyesha wanafunzi wake reli atakuwa amewafundisha historia na jiografia kwa wakati mmoja.

UMEME, MAJI NA KAHAWA

Wakazi wengi wa Nairobi hawajui ni deni gani walilo nalo kwa Ruiru na Thika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, taa za umeme za Nairobi ziliwaka kwa nguvu ya maji ya Mto Ruiru. Nairobi ulipokua na umeme huo usitoshe, kilijengwa kituo kingine Ndula, katika Mto Thika, kilichoanza kazi mwaka 1925.

Habari ya maji ni hiyo hiyo. Bwawa la Ruiru lilimalizika mwaka 1950. Bwawa la Sasumua, ambalo maji yake hutoka upande wa Mto Chania, lilimalizika mwaka 1956. Kisha Mto Thika wenyewe ulizuiwa huko Ndakaini katika Murang'a, kwa ukuta wa udongo wenye kimo cha mita 65. Bwawa hilo lilimalizika mwaka 1994, nalo laweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Sehemu kubwa ya maji yanywewayo Nairobi hutoka hapo. Mvua zilipopungua na bwawa likashuka katika mwaka 2017 na 2018, wakazi wa Nairobi walipata maji kwa zamu, na ndipo wengi walipolisikia jina la Ndakaini kwa mara ya kwanza.

Ruiru ina sifa nyingine kubwa, nayo ni kahawa. Katika miaka ya 1940 Serikali ilichukua shamba liitwalo Jacaranda ili wataalamu wafanye uchunguzi wa mibuni hapo. Lakini wakati huo Mwafrika wa Kiambu hakuruhusiwa kupanda kahawa yake mwenyewe. Alichuma kahawa ya bwana wake, akairudisha kikapu kwa kikapu, lakini nyumbani kwake hakuweza kuwa na mbuni hata mmoja bila kuvunja sheria. Katika miaka ya 1930 ruhusa kidogo ilitolewa katika Meru, Embu na Kisii. Kwa wakulima wengi wa nchi ya Wakikuyu ruhusa haikufika mpaka miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Wakulima wadogo walipokwisha kupanda, lilizuka tatizo la magonjwa, hasa chulebuni, ugonjwa unaoozesha tunda la kahawa likiwa bado bichi, na kutu ya majani. Dawa za kunyunyizia zilikuwa ghali mno kwa mtu mwenye mibuni mia mbili au mia tatu. Wataalamu wa Ruiru walichanganya mbegu za aina mbalimbali kwa miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa aina mpya iitwayo Ruiru 11. Mbuni huo ni mfupi, hivyo mkulima aweza kupanda kadiri ya mibuni 2,500 katika hekta moja, nao hustahimili magonjwa yale mawili. Baadaye, mwaka 2010, ilitolewa aina nyingine iitwayo Batian. Leo jina la Ruiru hutajwa na wakulima na wataalamu wa kahawa nje ya Kenya, na ni heshima ambayo kila mkazi wa mji huo angepaswa kuijua.

MTI WA MUGUMO

Katikati ya mji wa Thika iko bustani iitwayo Mugumo. Mugumo ni mti wa jamii ya mkuyu ambao Wakikuyu waliuheshimu kuwa mahali pa kusali na kutoa sadaka. Wala hawakuukata ovyo.

Wazee husimulia habari za mwonaji Mugo wa Kibiru, aliyeishi kabla ya kuja kwa Wazungu. Alisema kwamba watakuja wageni wenye rangi ya vyura wadogo weupe, na nguo zao zitakuwa kama mabawa ya vipepeo; tena atakuja nyoka wa chuma apumuaye moto, kutoka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi. Husimuliwa pia kwamba alisema utawala wa wageni hao utakwisha siku mti fulani wa mugumo hapo Thika utakapoanguka. Watu wa Thika husema kwamba Waingereza walipopata habari hizo waliuzungushia mti huo chuma ili usianguke, na kwamba mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, mti ulipigwa na radi ukapasuka.

Msomaji anaweza kuamini utabiri huo au asiuamini. Jambo lisilo na shaka ni kwamba habari hizo ziliwatia watu moyo katika miaka migumu. Tangu Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, maelfu walipelekwa vizuizini, na wengine wengi walihamishwa kwa nguvu wakakae katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Mtu aliyepita karibu na mti ule na kuuona ungali umesimama alijua kwamba bado siku haijafika. Lakini alijua pia kwamba hakuna mti usioanguka.

VIWANDA NA SHULE

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Thika iligeuka kuwa mji wa viwanda. Sababu zilikuwa tatu: maji ya mito, reli, na ardhi iliyokuwa tambarare karibu na Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 vilianza viwanda vya kusindika mananasi na kutengeneza makopo. Vikafuata vya ngozi na vya nguo, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha kuunganisha magari. Wafanyakazi walitoka katika kila pembe ya Kenya, na watoto wao wamezaliwa Makongeni, Majengo na Kiandutu, nao huijua Thika kuwa ndiyo nyumbani. Viwanda vingine vimefungwa na kuacha watu wengi bila kazi, na vingine vipya vimefunguliwa.

Elimu nayo ina alama zake. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua Thika shule ya vipofu, iliyokuwa ya kwanza ya namna hiyo katika sehemu hizi za Afrika. Wanafunzi waliotoka humo wamekuwa walimu, wanasheria na watumishi wa Serikali, katika nchi ambayo zamani watoto wa namna hiyo walifichwa nyumbani. Shule ya Mang'u, iliyoanza Kabaa mwaka 1925 na ambayo katika miaka ya 1940 iliwafundisha Tom Mboya na Mwai Kibaki, ilihamishiwa karibu na Thika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika Juja, ambako McMillan aliwinda simba, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Na katika Thika yenyewe, Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilipata hati yake mwaka 2011.

MASHAMBA YAGEUKA NYUMBA

Barabara kuu mpya ya Nairobi mpaka Thika, yenye urefu wa kadiri ya kilomita 50, ilianza kujengwa mwaka 2009 na kufunguliwa na Rais Kibaki mwezi wa Novemba 2012. Iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30. Tangu hapo mtu aweza kulala Ruiru na kufanya kazi Nairobi, na watu wamekuja kwa wingi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 490,120, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Thika ilikuwa na watu 251,407. Basi Ruiru, iliyokuwa stesheni ndogo katikati ya kahawa, imeipita Thika kwa mbali.

Watu hao wote wahitaji nyumba, na nyumba zimejengwa juu ya mashamba ya kahawa. Mibuni imeng'olewa na ardhi kukatwa viwanja. Shamba moja kubwa la Ruiru, lenye eka 5,000, limekuwa mji mpya wa Tatu City, ulioanzishwa mwaka 2010. Hatuwezi kulaumu mtu kwa kutafuta mahali pa kukaa. Lakini maji machafu ya makazi na viwanda yasipopata njia yake, yataingia katika Chania, Thika na Ruiru, mito ambayo ndiyo iliyozaa miji yenyewe. Mji ukiua mto wake umejikata mguu.

WAJIBU WETU

Mambo tuliyoyataja si mawe mazee kama ya Ulaya. Ni maporomoko mawili, hoteli, reli, kaburi juu ya mlima na kaburi lisilo na jina, shamba la kahawa, mti na shule. Vitu vya namna hii huharibika upesi kuliko kanisa la mawe. Nyumba ya kale hubomolewa kwa siku moja ili lijengwe jengo la ghorofa, na mzee akifariki huondoka na habari ambazo hakuna aliyeziandika.

Sheria ya mwaka 2006 ya Makumbusho ya Taifa yaruhusu mahali penye historia kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa na kulindwa. Lakini sheria hailindi kitu ambacho wenyeji hawakitaki wala hawakijui. Kazi ya kwanza ni yetu. Walimu wa Thika, Juja na Ruiru wanaweza kuwatembeza watoto katika mahali hapa, kwa maana si mbali. Vijana wanaojua kuandika wanaweza kuketi na babu na bibi zao na kuwauliza: mlikuwa mkilima wapi kabla ya shamba la Mzungu? Nani alijenga daraja? Mlilipwa shilingi ngapi kwa mwezi? Nani alipelekwa kizuizini, na nani hakurudi? Majibu ya maswali hayo yakiandikwa na kuwekwa katika maktaba ya shule, basi ile habari ya pili ya Thika itakuwa nayo imeingia kitabuni, na mtu wa miaka 100 ijayo atazisoma zote mbili pamoja.